Isale kwenye Kona

Baba mkubwa alikuja amevaa koti. Hiyo ndiyo picha inayonijia kwanza, hata kabla ya lile jani alilolishika. Lilikuwa koti lake la kahawia la kanisani, na siku hiyo haikuwa Jumapili, na geti alilolifungua lilikuwa la nyumbani kwa bibi, ambalo hakuwa amelipita tangu nikiwa shule ya msingi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya baiskeli, nasugua cheni kwa mswaki mkuukuu. Mswaki ukaniponyoka.

Lakini nianze na wageni, maana bila wageni nisingeipanda baiskeli ile, na bila baiskeli ile yote haya yasingetokea.

Sisi tunakaa Majengo, mjini Moshi. Baba yangu ni mtoto wa katikati. Mdogo wake, yaani baba mdogo, ni kitinda mimba, kwa hiyo ndiye aliyebaki mlimani na bibi, kama ilivyo desturi yetu: mtoto wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi. Baba mkubwa, mzaliwa wa kwanza, alipewa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, juu kidogo ukivuka kijito. Likizo zote mimi hupelekwa kwa bibi. Napenda, kwa sababu kwa bibi hakuna anayenilazimisha kuongea. Nina aibu mimi. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, moyo hunidunda mpaka mwenzangu ajibu, ndipo unatulia.

Baba mdogo aliwapandisha wageni kileleni kwa muda mrefu, mpaka goti likamkatalia. Akaona bora awatembeze kwa baiskeli huku chini. Alinunua baiskeli za mtumba zenye gia, akazitengeneza mwenyewe uani, akangoja. Likizo hii ndipo wakapatikana wageni wa kwanza wa kweli, mume na mke wa makamo kutoka Uingereza. Walimtumia picha ya njia wanazopenda kwao. Alinionyesha kwenye simu: kibarabara chembamba cha lami, ua wa vichaka pande zote mbili, kinapanda kilima, kinashuka, kinapotea, halafu unakiona tena mbali kimepanda kilima kingine. Hakuna gari. Hakuna mtu. Kondoo tu.

"Hawataki barabara kuu," alisema. "Hawataki malori. Wanataka kimya, na kupanda na kushuka."

Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori. "Kwao hawana gari?"

"Wanalo, mama."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Sasa wanafuata nini kilimani na baiskeli?"

"Raha, mama."

Bibi akatupa ganda. "Mimi nimepanda kilima hiki na mzigo wa majani ya ng'ombe tangu nimeolewa. Sijaona aliyenilipia raha."

Baba mdogo akanigeukia. "Wewe goti lako zima. Nitafutie njia kama ile ya kwenye picha. Itokee Rau, ipande mpaka hapa wanywe kahawa, halafu ivuke kwenda upande wa pili, ishuke. Isiguse barabara kuu hata kidogo."

Nilishtuka. Nilidhani anamwambia mtu aliye nyuma yangu. Nikageuka, nikaona kuku.

Kwa hiyo nilianza kuendesha. Na hapo niliendelea kushtuka, maana njia hizo nilizijua kwa kupita ndani ya gari tu, nikiwa nimeegemea kioo. Kwenye gari kilima ni kelele ya injini. Kwenye baiskeli kilima ni kitu kinachokuja kwenye paja lako na kukaa. Niligundua ipi ina kivuli cha migruvea mpaka juu na ipi inakuchoma mgongo. Niligundua kwamba ukishuka upande wa kijito baridi inakupiga usoni ghafla kama umefungua friji, na kwamba asubuhi kahawa ikiwa imechanua njia nzima inanukia, ila ukiwa unahema hivyo huwezi kuinusa vizuri. Nilishuka kona moja kwa kasi mpaka machozi yakanitoka, nikajikuta nacheka mwenyewe, kwa sauti, mimi.

Taabu ilikuwa salamu. Mlimani huwezi kumpita mtu mzima kimya, ataenda kumuuliza bibi yako umelelewa wapi. Na pale penye kilima cha kanisa, kikali kuliko vyote, pumzi haitoshi. Nilikuwa nasema "Shika..." kwa mzee mmoja, na "...moo" inatoka nimeshamfikia mwingine. Kilima kile mimi nakiita Mlima wa Shika, ingawa sijamwambia mtu.

Vijana wa bodaboda waliong'ang'ania kijiwe cha chini walikuwa wanajua saa yangu ya kupita.

"Sista, umeipanda baiskeli au ndiyo imekupanda wewe?"

"Muache, anaenda kileleni huyo. Sista, tukuvute na kamba?"

Niliinamisha kichwa na kukanyaga pedeli, na masikio yalikuwa ya moto.

Lakini siku nilipobeba debe la mashudu ya ng'ombe wa bibi kwenye keria, nilipofika katikati ya Mlima wa Shika baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Nikadhani debe limedondoka. Nikageuka kwa hofu, kumbe ni mama mmoja simjui, ana mzigo wake kichwani, mkono mmoja kaushika mzigo, mkono wa pili kauweka kwenye keria yangu anasukuma. Tulipofika getini kwake akatoa mkono, akaingia. Nilimwambia bibi. Bibi akashangaa nashangaa nini. "Sasa amwone mtu na mzigo kilimani amwache?" Ndiyo desturi. Hata kama hamjuani. Baba mdogo alisema hata kama hamsalimiani.

Aliposema hivyo bibi alimtazama, naye akashika spana akatoka nje.

Inabidi nieleze hilo. Baba mdogo na baba mkubwa walikuwa hawasemezani. Babu alipofariki, siku ya kumaliza matanga, ukoo wote umekaa uani, baba mdogo alisimama akasema kaka yake hakuja kuzika, amekuja kupima shamba. Alisema mbele za watu, mbele ya kaburi ambalo bado lilikuwa udongo mtupu, pale pale nyuma ya nyumba kwenye migomba. Sikuelewa uzito wake wakati ule. Nilichoelewa ni kwamba Krismasi zilizofuata mbuzi walichinjwa wawili, mmoja huku, mmoja ng'ambo ya kijito, na bibi akawa anakula kidogo huku, halafu anavaa kanga yake anakwenda kula kidogo kule. Krismasi iliyopita alirudi amechoka, akakaa kwenye ngazi, akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi: "Natamani nile mbuzi mmoja kabla sijaondoka." Tangu hapo kila akikohoa nashtuka.

Baba alijaribu kuwapatanisha. Baba mkubwa alimjibu: "Akitaka kusema na mimi, anajua cha kuleta." Nilikuwepo, nimeshika trei ya chai. Nilifikiri anataka pombe, au hela.

Sasa njia. Nilizunguka wiki nzima, nikaona jambo ambalo nadhani baba mdogo alilijua tangu mwanzo akanyamaza. Kutoka kwa bibi kwenda upande wa pili kuna njia moja tu yenye utulivu. Inashuka kwenye daraja la magogo, inapinda mbele ya geti la baba mkubwa, inatokeza kwenye kibarabara kilichopakana na ua pande mbili, kinapanda na kushuka kama cha kwenye picha kabisa, ila ua wao ni wa vichaka vyao na wetu ni wa isale. Njia nyingine yoyote lazima ishuke mpaka barabara ya malori.

Nilimwambia baba mdogo nimepata. Sikusema inapita wapi. Hakuuliza.

"Weka alama kwenye kona," alisema. "Mimi nitakuwa nyuma na yule mke, mume nasikia anakimbia sana. Asije akapotea."

Nilichana fulana nyekundu ya zamani nikafunga vitambaa kwenye kona zote. Kufika jioni watoto walikuwa wameshavifungua kufungia mpira wao wa makaratasi. Ndipo nikafikiria isale.

Mtu wa mlimani akisoma hapa ameshashika kichwa. Lakini mimi nililijua isale kama mpaka. Ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kutenganisha kihamba na kihamba, na kuzunguka makaburi. Nilionywa tangu mdogo nisiung'oe, basi. Mama yangu anatoka Singida, na baba akishuka mjini anasema mambo ya mlimani yabaki mlimani. Nikaona: ni jani, halichakai upesi, mtoto hawezi kuliiba maana lipo kila nyumba. Nikakata majani kwenye ua wa bibi, karibu na kaburi la babu ambapo ni marefu zaidi, nikazunguka njia yote. Kila kona nilifunga jani moja kwa fundo lake lenyewe, ncha ikielekea upande wa kwenda. Kwenye mti wa mgude wa njia panda. Kwenye nguzo ya umeme. Kwenye kigingi pale penye nyumba mbili zinazotazamana chini ya shule. Nilipofika kwa baba mkubwa hakukuwa na mti wala nguzo, kulikuwa na geti lake tu. Nilipaswa kubisha hodi niombe. Nilisimama pale nikisikia redio ndani. Aibu ikanizidi. Nikafunga jani kwenye geti haraka haraka, fundo likawa kubwa na baya, nikapanda baiskeli nikakimbia.

Asubuhi ndiyo akaja na koti.

Alikuwa amelishika lile jani kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Kofia yake ilikuwa kwapani. Baba mdogo alikuwa ameipindua baiskeli ya pili, magurudumu juu, mikono imejaa girisi mpaka kwenye viwiko. Bibi alitokea mlangoni na kata ya maji. Alipoliona jani, aliiweka kata chini taratibu sana, halafu akaweka kiganja mdomoni.

"Nimeliona," baba mkubwa alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka, na hilo lilinishtua kuliko koti. "Nimelikuta getini jana jioni. Sikulala. Nikasema, ni la nyumbani hili, limekatwa kwa mzee. Nimekuja."

Baba mdogo alimtazama. "Umeliona nini?"

"Isale."

"Isale gani, kaka?"

"Ulilonifungia."

Gurudumu la baiskeli lilikuwa bado linazunguka, tik tik tik.

"Mimi sijakufungia isale," baba mdogo akasema.

Uso wa baba mkubwa ulibadilika polepole. "Usinichezee. Nimepita na hili mkononi kutoka kwangu mpaka hapa. Watu wamesimama. Mzee wa kanisa amenivulia kofia. Usinichezee mbele ya mama."

"Kaka, naapa sijui unachosema."

Ndipo baba mdogo akalitazama lile fundo baya. Akaitazama baiskeli. Akanitazama mimi.

Sijui nilivyosimama. Nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Ni mimi, baba mkubwa. Shikamoo. Ni alama ya kona. Ya wageni. Nimefunga kila mahali, hata kwenye nguzo ya umeme."

Hakuna aliyeniitikia. Bibi ndiye aliyenieleza, bila kunitazama, kwa sauti ya chini kama anasali. Mtu akikukosea akakuletea isale lililofungwa, anaomba msamaha. Nawe ukiletewa huna ruhusa ya kukataa, hata kama alikuulia ng'ombe, hata kama alikuulia mtoto. "Hilo ndilo aliloambiwa huyu alete," bibi akasema. "Miaka yote hii. Jani tu."

Jani tu. Ua mzima ulikuwa umejaa majani, hatua chache kutoka pale alipokuwa anatengenezea baiskeli.

Baba mkubwa alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolijua. "Kwa hiyo ni kwa ajili ya wazungu," akasema. Akaliweka jani juu ya tairi lililopinduliwa. Akavaa kofia. Akamwambia bibi, "Mama, nitakuja kukuona," ingawa alikuwa anamwona, akafungua geti akatoka. Alilifunga tena nyuma yake, vizuri, na komeo.

Nilitaka kulia lakini mshtuko ulikuwa umekausha kila kitu. Baba mdogo hakusogea.

"Mtoto ameshafunga lake," bibi akamwambia. "Wewe mikono yako ina nini?"

Akaitazama. "Ina girisi, mama."

"Girisi inafutika."

Alifikiri. Kweli nilimwona akifikiri, taya linacheza. Halafu akaifuta mikono kwenye suruali, pande zote mbili, akaenda uani nyuma, kule kwa babu. Alirudi na jani moja amelifunga fundo dogo, safi, ambalo nilijua mara moja kwamba alifundishwa akiwa mtoto. Akaigeuza baiskeli, akaipanda ikiwa haina breki ya mbele, jani kalibana mkononi pamoja na usukani, akaondoka na goti lake bovu.

Bibi akanikunjia uso. "Na wewe unangoja nini? Mfuate, asije akarudia njiani."

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye Mlima wa Shika. Baba mkubwa alikuwa mbele anapanda bila kugeuka, mikono nyuma ya koti. Baba mdogo alikanyaga mpaka baiskeli ikasimama yenyewe, akashuka, akaanza kuisukuma akichechemea. Alikuwa anahema kiasi kwamba hakuweza kuita. Nilimsikia anasema "Ka..." na hakuna kilichofuata. Ya pili nayo ikaishia hapo hapo. Mimi nilisimama chini kwenye kona.

Baba mkubwa alisimama. Nafikiri ni kwa sababu ya kuhema kule, maana neno lenyewe halikutoka. Aligeuka.

Jani la isale hulitoi kwa mkono mmoja. Baba mdogo alitaka kutumia miwili, kwa hiyo akaiachia baiskeli, ikaanguka katikati ya njia kwa kishindo, ile aliyoipaka rangi upya kwa ajili ya wageni. Hakuitazama. Alinyoosha mikono. Kuna aliyosema, sikuyasikia, na ningeyasikia nisingeyaandika. Baba mkubwa alilitazama jani muda mrefu sana. Alimtazama na yeye, suruali yenye girisi, goti. Mama mmoja aliyekuwa anashuka na mzigo wa majani alisimama pale pale, akaushusha mzigo.

Alilipokea.

Hawakukumbatiana. Nilidhani watakumbatiana. Baba mdogo aliinua baiskeli, akaendelea kuisukuma kupanda, kwa sababu pale huwezi kusimama, unarudi nyuma. Baba mkubwa alikuja nyuma yake, jani mkono mmoja. Mkono wa pili akauweka kwenye keria, akasukuma.

Nilipowafikia nilisema "Shikamooni" yote kwa pumzi moja.

"Marahaba," baba mkubwa akasema, bila kutoa mkono. Alikuwa na macho mekundu. "Wageni wako wanapita lini?"

"Jumamosi, baba mkubwa."

"Wasiniogopeshee ng'ombe." Akasukuma kidogo. "Na uende ukafungue yale mengine. Watu watauliza mlima mzima umemkosea nani."

Baba mdogo akacheka, mabega yakatikisika, au labda alikuwa analia, alikuwa amenipa mgongo.

Niliteremka nikaanza kufungua. La kwenye mgude lilikuwepo. La kwenye nguzo ya umeme lilikuwepo, na vijana wa bodaboda walikuwa wanalitazama kwa mbali, hakuna aliyenitania. Mmoja alisema tu, "Dada, hilo si la kuchezea," na nikamjibu, "Najua," mara ya kwanza kumjibu.

Chini ya shule, pale penye nyumba mbili zinazotazamana, kigingi kilikuwa kitupu. Nilishuka nikatafuta kwenye nyasi na kwenye mfereji. Halikuwa limedondoka, maana fundo la pale nilikuwa nimelikaza sana. Mtu alikuwa amelifungua, kama baba mkubwa alivyolifungua lake.

Nilizitazama nyumba zote mbili. Mlango wa moja ulikuwa wazi na ndani mtu alikuwa anapiga pasi, nilisikia harufu ya mkaa. Mlango wa nyingine ulikuwa umefungwa. Nilisimama pale, nimeshika baiskeli, mdomo wazi, na hodi haikutoka.